Wageni wa Blogu ya Petkana

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tatu Septemba, mwaka 2016, saa nne asubuhi. Zdravko anaikumbuka saa ile vizuri. Alikuwa ametoka uani kuchoma hoho za kwanza za msimu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa maganda yaliyoungua. Alinawa, akamimina kahawa, akaketi mbele ya kompyuta ya marehemu mkewe. Hivyo ndivyo alivyofanya kila asubuhi kwa miaka mitatu.

Kama kawaida, aliangalia kwanza idadi ya wageni. Msimu wa hoho, blogu ile ilitembelewa na watu mia sita kwa siku. Siku nyingine hata mia saba. Asubuhi ile paliandikwa kumi na moja.

"Kumi na moja?" alisema peke yake. "Au umeme umekatika nchi nzima?"

Umeme haukukatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

Akafungua mtambo wa kutafutia, ule ambao kila mtu huuliza akitaka kujua jambo. Akaandika "lyutenitsa" kwa kidole kimoja. Lyutenitsa ni rojo nzito ya hoho na nyanya. Hakuna nyumba pale mjini isiyoiweka akiba kwa ajili ya majira ya baridi. Siku zote blogu ya mkewe ilitokea ya tatu kutoka juu. Leo haikuwa ya tatu. Haikuwa ya kumi. Alifungua ukurasa wa pili, wa tano, wa tisa. Alikuta hoteli. Alikuta kiwanda kinachouza lyutenitsa ya kopo. Petkana hakuwepo.

Ndipo alipoiona barua. Ilitoka kwa wenye mtambo. Ilisema hivi: "Blogu yako ina linki zisizo za kawaida. Tumeiondoa kwenye matokeo yetu mpaka utakapoisafisha." Chini hapakuwa na jina. Hapakuwa na sahihi wala namba ya simu.

Zdravko alitoka uani akatukana kwa sauti.

"Unamtukana nani asubuhi yote hii?" aliuliza jirani yake Gancho kutoka upande wa pili wa ua.

"Wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Wote!"

"Aa," alisema Gancho. "Nilidhani umeunguza hoho."

Zdravko alikuwa na haki ya kuwa na uchungu. Alisoma madarasa manane tu, kisha akafanya kazi reli miaka thelathini na nane, akibadilisha njia za treni. Walipoifunga stesheni, hakuna mkubwa aliyekuja kumwambia asante. Petkana alipougua, hospitali ilimpa tarehe ya kuonwa na daktari bingwa miezi minne mbele. Alisubiri mitatu. Wa nne hakuufikia. Tangu hapo, Zdravko akipokea barua isiyo na jina chini yake, mwili mzima humchemka.

Petkana alikuwa mpishi wa shule. Alipostaafu alienda kwenye darasa la kompyuta la wazee, akafungua blogu. Aliiita Chupa za Petkana. Aliandika namna ya kuhifadhi hoho, matango, biringanya na maboga kwenye chupa za kioo. Aliandika dakika za kuchemsha na kiasi cha siki. Watu wa nchi yao waliokwenda kufanya kazi Uhispania na Ujerumani walimsoma, wakamwandikia. Na kila tarehe kumi na nne Oktoba walikuja kwa wingi, kwa sababu hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Petka, ambaye Petkana alipewa jina lake. Ndiyo siku ya jina lake.

Huko kwao, siku ya jina haina mwaliko. Mtu akitaka huja. Mwenye nyumba huandaa meza na kukaa. Hana ruhusa ya kumrudisha mtu mlangoni, hata kama hampendi, hata kama hamjui. Petkana aliiendesha blogu yake vivyo hivyo. Alipofariki, Zdravko aliapa kwamba hatafuta neno la mgeni hata mmoja. Na kila tarehe kumi na nne Oktoba wageni waliendelea kuja. Walimsalimia Petkana kama vile yupo jikoni.

Sasa ilikuwa imebaki mwezi mmoja na siku moja. Na mlango wa Petkana haukuonekana tena barabarani.

*

Siku ya pili alikwenda chitalishte, ile nyumba ya vitabu na mikutano iliyopo katika kila mji wao. Chumba cha kompyuta kilikuwa chini ya uangalizi wa Bistra. Ndiye aliyewafundisha wazee, Petkana akiwa mmoja wao.

"Karibu, Mzee Zdravko," alisema Bistra. "Mbona uso umekunjamana hivyo? Umekuja kunigombeza?"

"Kuna wengine wa kugombeza. Ila hawana simu."

Alimwonyesha barua. Bistra aliisoma, akafungua blogu, akashuka chini kwenye maoni ya wasomaji. Alishuka, akashuka, akaendelea kushuka.

"Mzee wangu, huyu anayejiita Viatu Bei Poa ni nani?"

"Simjui. Mtu tu. Huja mara kwa mara. Mstaarabu."

"Na Mkopo wa Haraka?"

"Huyo haongei sana."

"Na Kasino ya Dhahabu?"

Zdravko alijiweka sawa kitini. "Huyo aliandika siku ya arobaini ya Petkana. Nilikuwa nimeweka tangazo la msiba. Akaandika: 'Maneno yako yamenigusa sana. Hakika nitarudi tena.' Watu wa mji huu wenyewe hawakuandika. Yeye aliandika."

Bistra alisoma jibu lililokuwa chini yake, kwa sauti: "'Ahsante sana, ndugu Kasino. Petkana angefurahi kukuona. Karibu tena mezani kwetu.'"

Akafunika mdomo. Alijizuia, ikashindikana. Alicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha akamtazama Zdravko usoni, na kicheko kikakatika.

"Nisamehe, mzee wangu. Nisamehe sana. Huyu si mtu."

"Si mtu?"

"Ni programu. Inazunguka kwenye blogu elfu kumi kwa siku, inaandika maneno yale yale. Haijui Petkana ni nani. Inachotaka ni kuacha linki yake, iwe njia ya watu kwenda kwenye kamari."

Zdravko aliinamia kompyuta, akayasoma tena maneno ya Kasino.

"Hata lile la arobaini?"

"Hata lile."

Bistra aliinuka, akamwekea maji ya kunywa. Zdravko alikunywa nusu glasi.

"Sasa nieleze," alisema Zdravko. "Kasino anaweka linki yake, nini kinanihusu mimi? Sijamwambia mtu akacheze kamari."

"Hukuwaambia watu. Umeuambia mtambo. Sikiliza. Ule mtambo haujui kuonja lyutenitsa. Hauna ulimi. Unachojua ni kuhesabu nani anamtaja nani. Linki ikitoka kwenye blogu yako kwenda mahali fulani, mtambo unaifuata. Unasema, Petkana anamtambua huyu, basi naye nimpandishe. Wenye kamari wanalijua hilo. Ndiyo maana wanakuja kukaa kwako."

"Kwa hiyo wanatumia jina la mke wangu."

"Ndiyo. Na mtambo ukigundua kwamba Petkana anawataja maelfu ya matapeli, unasema, basi huyu mama naye si wa kuaminika."

Zdravko aligonga meza. "Petkana si wa kuaminika?"

"Usinipigie meza, ni ya serikali. Nikuulize. Ulipokuwa reli, uliwahi kumtolea mtu dhamana?"

"Mara moja. Kijana mmoja, Nayden. Nilimwambia bosi, huyu namjua, mpe kazi. Akalala akiwa zamu. Njia haikubadilishwa, mabehewa mawili ya mahindi yakaingia shambani. Nilinyimwa likizo mwaka mzima."

"Kwa nini wewe? Aliyelala ni yeye."

"Kwa sababu aliyemtaja ni mimi."

"Umeona? Na kama ungemlisha Nayden nyumbani kwako kila Jumapili, bila kumtaja kwa bosi?"

"Angenimalizia supu tu."

"Basi ndiyo hivyo. Kumkaribisha mtu ni jambo moja. Kumtolea dhamana ni jambo jingine. Ndani ya linki unaweza kuweka alama ndogo. Msomaji haioni. Akitaka kubofya, anabofya na anafika, kama kawaida. Lakini mtambo unaiona. Alama inauambia: usifuate. Yaani, huyu yupo mezani kwangu, lakini mimi sijamtolea dhamana."

"Kumbe ipo alama hiyo? Mbona haikuwekwa?"

Bistra aliangalia dirishani. "Ilikuwepo. Blogu nyingi huja nayo. Mimi ndiye niliyeiondoa, mwaka 2010. Petkana aliniomba. Alisoma mahali kwamba mwenye blogu muungwana huwafungulia wageni wake linki zao, wapate faida. Akaniambia, Bistra, mtu ameniletea neno zuri, nimrudishie sahani tupu? Nilimwona ana haki. Wakati ule walikuwa wasomaji thelathini, wote watu kweli. Baadaye ningerudi kuangalia. Sikurudi."

"Basi iweke leo, yaishe."

"Haitaisha leo. Alama inazuia jina la Petkana lisitumike. Haizuii wao kuja. Ile ni programu, haisomi alama, inatupa takataka kila mlango. Kwa hiyo yako mambo mengine. Maoni mapya yasitokee mpaka uyasome. Na haya ya zamani uyapitie yote, moja moja. Ya uongo ufute."

"Yapo mangapi?"

"Elfu nne na kidogo."

Zdravko alisimama. "Ngoja nielewe. Wao wamejenga mtambo usio na ulimi."

"Ndiyo."

"Matapeli wakaujua udhaifu wake."

"Ndiyo."

"Na anayefagia ni mimi."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na Kasino?"

"Kasino muda huu yuko kwenye blogu ya mtu mwingine."

"Ndiyo nchi yetu hii!"

"Safari hii si nchi yetu peke yake," alisema Bistra. "Una haki ya kukasirika. Ila hoho ziko sokoni sasa. Mwezi ujao zitakwisha. Ukikasirika mpaka Novemba, watu watajifunza lyutenitsa kwa mwenye kiwanda."

Zdravko alivaa kofia yake. Mlangoni akageuka. "Nilimwapia kwamba sitamfukuza mgeni wake."

"Najua," alisema Bistra.

*

Alikaa siku mbili bila kugusa kitu. Siku ya tatu alianza. Alijiambia kwamba anasoma tu, hafuti.

Alianza na mwaka 2014. Viatu. Saa za mkononi. Dawa za kuotesha nywele. "Maandishi mazuri sana, nimejifunza mengi." Sasa aliona kwamba maneno yale yalijirudia herufi kwa herufi, chini ya matango na chini ya msiba. Aliona aibu peke yake chumbani.

Ndipo, katikati ya viatu na mkopo, alikuta maneno haya:

"Mama Petkana, mimi ni Velika, niko Valencia. Nimefuata maelezo yako ya hoho za kuchoma. Vifuniko viwili vimevimba juu. Nina mtoto wa mwaka mmoja. Nichemshe tena au nitupe? Tafadhali nijibu upesi."

Tarehe ilikuwa ya Novemba 2014. Velika hakujua kwamba Petkana alishafariki. Hakuna aliyemjibu. Juu yake palikuwa na tangazo la viatu, na chini ya tangazo palikuwa na jibu la Zdravko, la siku hiyo hiyo: "Ahsante ndugu, karibu tena."

Zdravko aliondoa mikono kwenye kompyuta kama aliyeshika chuma cha moto. Kila mtu katika mji ule anajua kifuniko kilichovimba maana yake nini. Chakula kimeingiwa na sumu. Hakinuki, hakibadiliki rangi, lakini kinaua. Petkana angemjibu kabla ya kuvua aproni.

Alimpigia Bistra. "Anwani ya barua pepe ya mtu aliyeandika maoni, naipata wapi?"

"Bofya pembeni ya jina, kule ndani kwako. Kuna nini? Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Nitakuambia kesho."

Akaandika kwa vidole viwili: "Tupa. Usionje hata kwa ncha ya ulimi. Usimpe kuku wala mbwa. Mimi ni mume wa Petkana. Yeye hayupo tena. Nimechelewa miaka miwili. Niambie kama mko wazima."

Asubuhi yake jibu lilikuwepo.

"Tuko wazima, baba. Mtoto anakimbia sasa. Mama mkwe alizitupa chupa zote mbili. Lakini nilikaa wiki nzima nikisubiri Petkana anijibu. Niliona unamjibu mtu wa viatu. Nikadhani swali langu ni la kijinga."

Zdravko alilisoma mara tatu. Kisha akaenda chitalishte bila kunywa kahawa, akaweka mbele ya Bistra karatasi aliyonakili maneno ya Velika.

"Sikumfukuza hata mgeni mmoja," alisema. "Meza ikajaa matapeli, na mwenye njaa kweli akasimama mlangoni wiki nzima. Nionyeshe namna ya kufuta."

Bistra alimwonyesha. Mtu kweli hutaja kitu kilichomo ndani ya maandishi: siki, chumvi, dakika, bibi yake. Programu husifu tu, na sifa zake zinafaa popote. Jina la duka si jina la mtu. Na kama una shaka, usibofye linki ngeni kwa pupa. Soma kwanza anwani yake inakwenda wapi. Kisha Bistra akairudisha alama ya "usifuate" kwa maoni yote, akaziba sehemu ya maoni kwenye maandishi ya zamani sana ambayo watu kweli hawakuyatembelea tena.

"Kuna mtu mmoja sitaki aguswe," alisema Zdravko. "Sevda. Wa milimani, wa jemu za plamu. Ndiye aliyeandika maoni ya kwanza kabisa. Petkana alimwahidi kwamba linki yake itabaki wazi."

"Basi mpigie umweleze."

Alimpigia hapo hapo.

"Weee Zdravko!" Sauti ya Sevda ilijaa chumba kizima. "Unanipigia kuniuliza kama mimi ni tapeli?"

"Sijasema hivyo, dada yangu. Nasema linki zote za maoni zitawekewa alama. Na zako zimo."

"Alama ya nini? Kama ya ng'ombe?"

Bistra alichukua simu, akaeleza. Akasema kwamba ipo njia nyingine. Zdravko aandike mwenyewe, kwenye ukurasa wake mwenyewe, maneno yake juu ya jemu ya Sevda, na humo aweke linki bila alama. Hapo ametaja mtu anayemjua, kwa hiari yake. Ni dhamana ya kweli, na mtambo hauna ugomvi nayo, mradi hakulipwa.

"Aandike kwamba naifanya bila sukari," alisema Sevda. "Na aandike vizuri. Petkana alijua kuandika. Huyu anaandika kama anaripoti ajali ya treni."

Zdravko aliandika mistari kumi na miwili. Ilimchukua asubuhi nzima. Ilisomeka kidogo kama ripoti ya ajali ya treni, lakini kila neno lilikuwa la kweli.

*

Kazi ya kufuta ilichukua siku kumi na moja, kwa muda wa saa tatu kila asubuhi. Hoho alizichoma mchana. Katika maoni elfu nne, aliyoyaona kuwa ya watu kweli yalikuwa mia nane na sitini. Mengi yalikuwa na majibu ya Petkana chini yake. Alikuwa hajayasoma muda mrefu, maana yalikuwa yamezama chini ya takataka. "Ongeza siki, mwanangu, usiogope." "Hapana, usifunike kwa blanketi la sufu, utaunguza nyumba." Zdravko alicheka mara mbili tatu peke yake. Gancho alimsikia kutoka uani, akauliza kama ameanza kunywa asubuhi.

Tarehe thelathini Septemba walituma ombi kwa wenye mtambo. Tarehe tano Oktoba jibu lilikuja. Lilisema: bado.

"Bado nini?" Zdravko alipiga kelele. "Nimefagia mpaka chini ya kabati! Hawasemi wapi? Hawasemi lipi?"

"Hawasemi," alisema Bistra. Alichunguza ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ghafla akasimamisha kidole. "Huyu hapa. 'Nilipenda sana siki yako.' Ulimwacha?"

"Ametaja siki!"

"Ametaja, ndiyo. Sasa bofya jina lake."

Zdravko alibofya. Dirisha likajaa karata na dhahabu. Linki haikuwa ndani ya maneno. Ilikuwa imejificha chini ya jina. Na wenye kuja hivyo walikuwa mia na arobaini.

"Wanajifunza adabu zetu," alisema Zdravko polepole.

Waliondoa wote mia na arobaini kwa siku mbili, Bistra upande huu na Zdravko upande ule. Wakatuma ombi tena. Tarehe kumi na moja Oktoba ikaja barua nyingine isiyo na jina wala sahihi. Ilisema kwamba adhabu imeondolewa.

Hakuna aliyesema pole kwa mwezi uliopotea. Zdravko aliitafuta pole ile mpaka chini kabisa ya barua, hakuiona.

Wageni walirudi kwa kuchelewachelewa. Sitini. Mia moja na tano. Tarehe kumi na nne Oktoba, siku ya Mtakatifu Petka, walikuja mia tatu na ishirini. Haikuwa kama zamani, lakini walikuwa watu. Zdravko alivaa shati jeupe, akakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Maoni hayakuingia yenyewe tena. Kila moja lilisubiri mlangoni mpaka alisome. Alisoma, akafungua, akajibu. Velika aliandika kutoka Valencia. Aliweka picha ya chupa kumi na sita, vifuniko vyote bapa. Mama mmoja wa Stuttgart aliuliza kuhusu chumvi, akajibiwa katika dakika nne. Gancho alikuja na rakia, pombe kali ya matunda, bila kualikwa kama ilivyo desturi, akalalamika kwamba mwenye nyumba anaongea na watu wa mbali huku banitsa, ile pai ya jibini, inapoa.

"Kula tu," alisema Zdravko. "Nina watu thelathini na nane hapa."

Wa thelathini na tisa alikuwa mtu asiyemjua. Alijiita Ognyan. Aliandika kwamba anakusanya mbegu za hoho za zamani, zile zilizopotea kwa sababu ya viwanda, na kwamba ana blogu ya miezi minane. Aliacha linki. Zdravko alichunguza kwanza kama kuna linki iliyojificha chini ya jina. Kisha akasoma anwani. Kisha akaingia. Alikuta maandishi manne na picha zenye ukungu. Huenda alikuwa mtu wa hoho. Huenda alikuwa programu iliyojifunza adabu vizuri zaidi kuliko ile ya siki.

Alimfungulia, akamwandikia ukweli: "Karibu mezani. Ila linki yako ina alama ya 'usifuate', kwa sababu sikujui. Usinichukie."

Ognyan alijibu baada ya saa moja. "Sikuchukii, mzee. Nami ningefanya hivyo hivyo. Ila nimebisha hodi kwenye blogu ishirini, zote zimeniambia: hatukujui. Mtambo haunionyeshi kwa sababu hakuna anayenitaja. Na hakuna anayenitaja kwa sababu mtambo haunionyeshi."

Chini ya hapo aliweka swali moja. Zdravko alilisoma, akamsomea Gancho. Gancho aliacha kutafuna. Jumatatu akampelekea Bistra. Bistra alilisoma mara mbili, akasema kwamba hilo hakufundishwa. Mwishowe Zdravko akalituma kwa wenye mtambo wenyewe, akaandika chini jina lake kamili, anwani yake na namba ya simu, ili wasiseme hawakujua pa kujibu. Simu haijalia bado. Na Ognyan, huko aliko, anaendelea kusubiri jibu la neno alilouliza:

"Mtu mwaminifu ambaye hajatajwa na yeyote, nani awe wa kwanza kumtaja?"